Fundo la Sita

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Karani alishuka bondeni kwenda kukisoma kijiti cha bwawa. Karani halikuwa jina lake. Baba yake ndiye aliyempachika, kwa sababu binti huyo ndiye aliyemletea habari za maji tangu yeye mwenyewe aliposhindwa kuinuka kitandani.

Kijiti kilisimikwa ndani ya maji, karibu na ukingo, kikiwa kimefungwa mafundo saba ya kamba, moja juu ya jingine. Maji yakigusa fundo la saba, bwawa limejaa.

Baba alilichimba bwawa lile kwa mikono yake, msimu mzima, katika shamba la mchanga ambalo majirani walisema halishiki maji. Alitandaza udongo wa mfinyanzi chini na kuushindilia. Alikuwa amebakiza kuzisiriba kuta tu, ukingo ulipomporomokea na kumvunja mgongo. Mvua zikaja naye yuko hospitali. Bwawa likajaa, kazi haijaisha.

Siku aliporudishwa nyumbani, jambo la kwanza aliuliza, "Karani wangu, maji yamefika wapi?"

"Fundo la sita, baba."

Baba akatabasamu. Karani hakuwa ameliona tabasamu lile tangu siku ya ajali.

Wiki moja baadaye maji yalikuwa yameshuka hadi fundo la tano. Baba alipouliza, Karani aliitazama miguu ya baba chini ya shuka, imelala tu kama vitu vilivyosahauliwa pale na mtu mwingine. "La sita," akasema. Uongo huo wa kwanza ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Wa pili ulipita. Kufikia wiki ya tatu ulikuwa unateleza wenyewe.

Mama hakujua. Alikuwa dobi hospitalini, akiondoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Naye baba alipotaka kujua daktari alisema nini, mama alijibu kwamba mwezi ujao atasimama, huku akikunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

Mchanga ukaendelea kunywa. Miche ya nyanya, ambayo familia yote iliitegemea, ikaanza kuinamisha vichwa. Karani akawa anainywesha kwa kikombe, shina moja moja, kama mtu anayelisha mgonjwa.

Jumamosi moja baba alimwomba kikombe cha maji ya bwawa. Hakuwa na kiu, alitaka kuyaona tu. Karani alilazimika kukanyaga matope hadi magotini ili ayapate. Baba alikishika kikombe, cha kioo, akakielekeza dirishani na kungoja. Tope likatulia chini, nene kama vidole viwili.

"Maji ya fundo la sita hayana tope hivi," alisema taratibu. "Haya yamekombwa chini kabisa. Yamefika wapi, mwanangu?"

Hakumwita Karani. Hilo ndilo lililomvunja.

"Hata fundo la kwanza hayagusi," alijibu akilia. "Nilikuhurumia, baba."

Baba aligeukia ukutani. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ndogo. "Miguu yangu haiendi. Kazi niliyobakiwa nayo ni kufikiri, nawe ukanipa vipimo vya uongo nifikirie navyo. Ungeniambia siku yalipofika la tano, ningejua ni kuta zinazovuja. Nyanya zingepona."

Mama, aliyerudi mapema siku hiyo, alikuwa amesimama mlangoni na kapu mkononi. Alilitua chini.

"Usimlaumu mtoto. Amejifunza kwangu," alisema. "Daktari alisema hutatembea tena, mume wangu. Nimekuficha tangu siku ile."

Kuku mmoja aliingia, akatazama huku na huku, akatoka kama mgeni aliyegundua amekuja wakati mbaya. Baba alilia bila sauti, kikombe kikiwa bado mkononi. Mama na mtoto wakakaa kitandani kwake, mmoja huku, mwingine kule, mpaka jua likahama dirishani.

Mwishowe baba akajifuta uso. "Basi nitafutieni kiti ambacho mtu anaweza kubebwa nacho."

Walimbeba hadi bwawani kesho yake. Nyanya zilikuwa zimeshakauka. Karani alizing'oa mwenyewe, akizipanga chini kwa upole. Jirani yao, mama mfinyanzi, akaitwa kuchagua udongo wa kusiriba kuta. Aliuviringisha viganjani ukawa kama kamba, akaukunja ukawa pete. Haukupasuka.

"Huu ndio," alisema. "Maisha yangu yote nafinyanga vyungu, leo nafinyanga kimoja kikubwa kuliko nyumba yangu. Sasa nimwone atakayeniletea kifuniko."

Hata baba alicheka kidogo.

Wiki mbili walifanya kazi, pamoja na wenzake Karani wa darasani. Baba aliwaelekeza kutoka kitini: tabaka jembamba juu ya mteremko wa kuta, lowanisheni, kanyageni mpaka kisigino kisiache alama, kisha tabaka jingine. Karani alimwona akiitazama miguu yao ikipanda na kushuka. Akainama, akakanyaga kwa nguvu zaidi. Walipomaliza, waliufunika udongo kwa nyasi na kuumwagia maji kila jioni usije ukapasuka, hadi mvua ziliponyesha.

Bwawa likajaa. Baba akaagiza ndoo ya maji iwekwe kando ya bwawa, juani, na kutiwa alama maji yalipofika. Siku ya sita akauliza maji yamefika wapi.

Karani alivuta pumzi. "Yameshuka, baba. Kidole kimoja chini ya fundo la saba."

"Na ya ndoo?"

"Yameshuka kidole kimoja pia."

"Ndoo haivuji. Kwa hiyo hicho ni cha jua, si cha mchanga." Akamtazama binti yake. "Umeona? Habari mbaya ukinipa mapema, tutaitafutia dawa pamoja. Ukinificha, unaniacha peke yangu, hata kama unanificha kwa mapenzi. Mimi naweza kukosa miguu, mwanangu. Siwezi kukosa ukweli wako."

Mama alikuwa akikunja nguo. Aliacha, akaja kuketi nao.

"Haya," baba akasema, "kesho asubuhi uniletee kipimo tena, Karani."