Kiti cha Nane

"Radek, hebu nihesabie tena. Sisi ni wangapi?"

Maren aliuliza akiwa amebanwa safu ya tatu ya gari la kukodi, magoti yanakaribia kidevu. Ilikuwa asubuhi ya tarehe ishirini na mbili Desemba, jijini Calgary, baridi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, na kesho yake familia nzima ya Radek ilikuwa inasafiri kwenda kula Krismasi kwenye nyumba ya mapumziko milimani. Mbele yake, safu ya katikati, Radek alikuwa ameshafunga kiti cha mtoto cha mpwa wake, Olek, aone kama kitaenea. Kimeenea vizuri tu. Tatizo ni kwamba kikishafungwa hicho, aliyekaa nyuma hatoki mpaka mtu afungue mlango kwa nje, amkunjie siti ya pembeni. Na Radek alikuwa mbele kwenye usukani, anachezea kile kioo cha kugusa cha gari, simu yake ameshaiunganisha ajaribu muziki.

"Saba, mpenzi. Si unajua?"

"Baba yako na mama yako, wawili. Dada yako Jolanta, Kirk mumewe na Olek, watano. Mimi na wewe, saba. Sasa viti nane vya nini?"

"Mizigo."

"Mizigo inakaa kwenye buti, Radek. Tangu lini begi likafungwa mkanda?"

Dalisay, mama wa Kifilipino aliyekuwa akiwaonyesha magari, aliinamisha kichwa dirishani. Pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi, na uvumilivu ulishaanza kumwisha.

"Jamani, hili ni la tatu sasa. Lile la kwanza la watu kumi na mbili bibie kalikataa."

"Linasukumwa na magurudumu ya nyuma," Maren akasema. "Kwenye barafu ya mlimani tutafika makalio kwanza."

"Na lile la viti saba?"

"Lile ndilo gari. Magurudumu yote manne yanavuta, matairi ni ya theluji kweli. Hili lina matairi ya kubahatisha."

"Mimi namsikiliza bibie," Dalisay akamwambia Radek. Na alikuwa na haki, maana Maren ni dereva wa gari la kusukuma theluji la jiji, huu ulikuwa msimu wake wa sita. Theluji anaijua kama mpishi anavyoijua chumvi.

"Tunachukua la viti nane," Radek akasema bila kugeuka. "Mama kasema."

Mama kasema! Ndiyo nyumba hiyo, wapenzi wasomaji. Mama Halina akisema, limesemwa. Alisema pazia la chumba cha Maren na Radek liwe la kijani, likawa la kijani. Alisema harusi isogezwe kutoka Septemba hadi Mei, ikasogea. Miaka mitatu ya uchumba, na kila Maren alipofumbua mdomo, Radek alimbusu paji la uso na kumwambia, "Achana nayo, ni mama tu."

Na safari hii Maren alikuwa na jambo lake. Mimba ya wiki saba. Siku nne alikuwa amelifungia moyoni, hajamwambia hata mama yake mzazi. Alipanga amwambie Radek mkesha wa Krismasi, pale mezani, kila mtu anapomvunjia mwenzake kipande cha kaki, ule mkate mwembamba wa Krismasi, na kumtakia heri. Lakini kadiri siku zilivyosogea, hofu ilimkaba. Akishasema, ndiyo basi, kaingia kwenye ile nyumba na mlango umefungwa. Akajiapiza kwamba hasemi mpaka ajue anaolewa na mwanaume au na mtoto wa mama.

Dalisay akaenda ofisini kupasha vidole moto. Hapo ndipo kioo cha gari kikalia ting! Ujumbe umeingia kwenye simu ya Radek. Na magari ya siku hizi hayana adabu, yanasoma ujumbe kwa sauti. Sauti ya kike, tulivu, ikasema:

"Ujumbe kutoka kwa Bronka. Radek, mtanipitia saa ngapi kesho? Samaki nimeshanunua. Maren umeshamwambia, au bado unaogopa?"

Radek alibonyeza kila kitu. Akawasha redio, akawasha vifuta kioo, akaongeza joto. Akachelewa.

"Bronka," Maren akasema taratibu. "Bronka yupi?"

"Maren..."

"Bronka uliyemvisha pete kabla yangu? Aliyehamia Toronto?"

"Karudi. Wamemwachisha kazi, yuko peke yake Krismasi hii. Mama kamwonea huruma."

"Ulijua lini?"

Radek akapunguza feni ya joto.

"Radek, nakuuliza. Ulijua lini?"

"Kama... mwezi hivi."

"Mwezi! Mwezi mzima unalala na mimi, unaamka na mimi, unakula supu yangu, na unajua kwamba ex wako atakaa gari moja na mimi kwa muda wa saa sita, halafu nyumba moja siku nne? Nifungulie."

"Nisikilize kwanza."

"Nifungulie nitoke!"

"Ukitoka utaondoka. Nakujua. Nisikilize kwanza ndiyo nikufungulie."

Maren alisukuma siti ya mbele, haikusogea. Akajaribu kupita juu ya kiti cha mtoto, koti lake nene likanasa. Akageukia buti, hilo nalo linafunguliwa kwa kitufe cha mbele. Akakaa tena, anahema, machozi yanamlenga kwa hasira. Akaweka mkono tumboni bila kujua.

"Naapa sina lolote na Bronka," Radek akasema. Sasa alikuwa amegeuka, amepiga magoti kwenye siti ya dereva kama mtoto. "Hata kumpigia sijampigia. Ni hesabu tu."

"Hesabu gani?"

Kabla hajajibu, simu ikaita ndani ya gari zima. Mama Halina. Radek akanyoosha kidole aikate.

"Pokea," Maren akasema. "Leo tunaongea wote."

Akapokea.

"Radek! Mmepata gari? La viti nane?"

"Mama, Maren yupo hapa. Anasikia. Ameshajua."

Mama Halina akavuta pumzi ndefu.

"Afadhali. Maren, mwanangu, usinielewe vibaya. Wewe unaijua mila yetu. Mezani mkesha wa Krismasi watu wanakaa kwa jozi. Akibaki mmoja hana mwenzake, kuna mtu haioni Krismasi nyingine. Mwaka jana Kirk alibaki kazini kwenye visima vya mafuta, tukakaa saba. Nilisema, hamkunisikia, mlicheka. Machi tukamzika mama mkwe wangu. Nani anacheka sasa? Mwaka huu tuko saba tena. Ningemtoa wapi wa nane? Majirani wote wana kwao. Bronka hana pa kwenda. Ni kiti tu, mwanangu."

Msimcheke mama wa watu. Sauti ilikuwa inamtetemeka kweli. Lakini Maren naye alishafika shingoni.

"Mama, katika Calgary yote umekosa mpweke mwingine isipokuwa aliyetaka kuolewa na mchumba wangu?"

"Huyo tunamjua. Anajua kupika samaki."

"Sawa. Basi mpeni kiti changu. Mimi siendi."

"Hapana!" Mama Halina akapiga ukelele. "Ukitoka wewe tunarudi kuwa saba!"

Maren akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyechomwa kisu.

"Umesikia, Radek? Miaka mitatu. Sijaambiwa njoo kwa sababu tunakupenda, sijaambiwa tutakukosa. Naombwa nije nijaze hesabu. Mimi na Bronka hatuna tofauti, wote ni viti. Nifungulie. Nikishatoka hapa, pete nakuachia juu ya siti."

Radek alimtazama Maren kupitia kati ya siti mbili, akatazama kile kioo chenye jina la mama yake. Maren akajisemea moyoni, haya, sasa ataniambia achana nayo, ni mama tu. Alishaanza kuivua glavu aivue na pete.

"Mama," Radek akasema.

"Mwambie mchumba wako..."

"Mama, mimi nina hesabu nyingine. Wewe na baba, wawili. Jolanta, Kirk na Olek, watano. Bronka, wa sita. Sita ni jozi kamili, haina shida. Sherehe njema."

"Na wewe?"

"Mimi nabaki na Maren."

"Mkesha wa Krismasi? Radek! Miaka thelathini na mbili, hujawahi kukosa meza yangu!"

"Ndiyo, mama. Na nitalia, najijua. Lakini Maren aliniuliza leo kwa nini viti nane, nikamdanganya mara mbili akiwa amefungiwa nyuma kama begi. Nimemficha mwezi mzima kwa sababu nakuogopa wewe. Nimechoka kukuogopa. Nakupenda, lakini nimechoka."

Akafungua mlango wake, baridi ikaingia kwa nguvu. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akavuta kishikizo, siti ikakunjika. Akampa Maren mkono. Maren akatoka, miguu imekufa ganzi, wakasimama kwenye theluji wanatazamana, moshi wa pumzi zao unachanganyika.

"Samahani," Radek akasema. "Ukitaka kuondoka, ondoka. Sitakuzuia tena. Ila ukibaki, tutakula viazi vya kukaanga sisi wawili, na kaki tutavunjiana. Wawili nao ni jozi."

Maren alimtazama sana. Machozi yalikuwa yanaganda kwenye kope, akayapangusa kwa mkono.

"Hatuko wawili, Radek."

"Unamaanisha nini?"

"Tuko watatu. Wiki ya saba sasa."

Radek akamwangalia tumbo, akamwangalia uso, akaangalia tumbo tena. Mtu mzima na ndevu zake, akakaa chini kwenye theluji pwaa! Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Kwa hiyo... mimi... Maren, wewe... lini... umekula leo?"

"Nimekula. Inuka, utaganda makalio."

Na hapo ndani ya gari kukalipuka sauti. Jamani, hakuna aliyekumbuka kukata simu!

"Bogdan! Bogdan, njoo! Maren ana mimba! Ngoja, ngoja nihesabu. Mimi, Bogdan, wawili. Jolanta, Kirk, Olek. Radek, Maren, na huyo mdogo... wanane! Bogdan, tuko wanane! Na Bronka tutakuwa tisa, Mungu wangu, tisa! Nampigia sasa hivi asije!"

Radek alicheka. Maren hakucheka. Alisogea mlangoni, akainama karibu na kioo.

"Mama Halina, subiri kwanza."

"Naam, mwanangu!"

"Kama huyu mtoto asingekuwepo. Na Bronka asingekuwepo. Tumekaa saba tu, mimi nikiwa wa saba. Ungenipa kiti?"

Baba Bogdan alisikika kwa mbali anauliza kuna nini, akanyamazishwa. Maren alingoja. Radek naye aliinuka, akasimama nyuma yake, hakumsaidia mama yake hata kwa kikohozi.

Mwishowe Mama Halina akazungumza, na haikuwa ile sauti ya kuamrisha mapazia.

"Maren, mimi naogopa. Kila mwaka naangalia ile meza, najiuliza ni nani nitamzika. Nikawa nawahesabu tu, siwaoni. Wewe nilikuwa nakuhesabu. Nisamehe. Ningekupa kiti. Ningekaa saba nikitetemeka usiku kucha, lakini ningekaa."

Maren akafumba macho.

"Basi tunakuja, mama. Ila mambo mawili. Bronka umpigie wewe mwenyewe, umwambie ukweli, usisingizie theluji. Msichana wa watu kanunua samaki. Mtafutie mahali pa kwenda kabla hujamwambia asije."

"Jolanta ana rafiki yake, familia kubwa, wako kumi na mmoja. Watafurahi kumpata wa kumi na mbili."

"Na la pili, njiani naendesha mimi, na hakuna atakayenifundisha breki."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe, mama."

Mama Halina alicheka huku anapenga kamasi, akakata simu.

Dalisay alikuwa anarudi, koti kajifunika mpaka masikio, kalamu mkononi. Aliwakuta wamekumbatiana katikati ya uwanja, Radek ana theluji suruali nzima, wote wawili wanalia. Akasimama, akatingisha kichwa.

"Mimi nawapenda, lakini naganda. Mnachukua gari lipi? La viti nane au la viti saba?"

"La saba," Maren akajibu. "Wa nane nimembeba mwenyewe."