Plastiki Inayokumbuka

Siku hizi Devendra ndiye anayechemsha chai ya asubuhi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Hemlata. Lakini Hemlata aliteleza kwenye ngazi za ghorofa lao, pale Mchafukoge, akavunjika mkono wa kulia karibu na kiganja. Alifungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu. Lilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga, ila mkono ulikuwa bado hauna nguvu.

"Chai yako ina tangawizi nyingi, Baba Jeet," Hemlata alisema, akamaliza kikombe.

"Mbona umeimaliza?"

"Nikiimwaga utanuna."

Wanauza vifungo, zipu na lesi Kariakoo. Hemlata hapendi kukaa nyumbani peke yake. Kwa hiyo kila asubuhi alivaa banzi lake la plastiki, wakaenda dukani pamoja. Banzi hilo lilikuwa jepesi, lenye matundu ya kupitisha hewa, na lilishika mkono kuanzia kiganjani ili usipinde. Alilitengeneza Candida, mtaalamu wa kliniki ya viungo karibu na Posta.

Jumapili moja, baada ya chakula, Hemlata alivua banzi akalala kidogo. Devendra aliliona lina madoa ya manjano na linanuka jasho. Akataka mkewe aamke alikute linang'aa. Alimimina maji yaliyochemka kwenye beseni, akatia sabuni, akalitumbukiza banzi, akaliacha lilowe.

Aliporudi, banzi lilikuwa limefunguka na kulala bapa kama soli ya ndala. Alijaribu kulikunja. Likapoa mkononi mwake, likaganda likiwa limekwenda upande.

Hemlata alipoamka alimkuta mumewe ameketi, banzi liko mapajani.

"Mama Jeet, nimeliua banzi lako."

Hemlata alilitazama. "Umelipika?"

"Nililiosha tu. Kwa maji ya moto."

Hemlata alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akanyanyua birika kwa mkono ule. Mkono ukatetemeka, na Devendra akaliwahi birika kabla halijaanguka. Kicheko kikaisha.

"Sasa nitakaa ndani tena," Hemlata alisema taratibu.

Devendra alisimama. "Nitalipasha kwenye jiko, nilikunje upya."

"Hapana. Utaungua. Kesho tutaenda kwa Candida."

Asubuhi Candida aliwapokea mlangoni pa kliniki. "Shikamooni."

"Marahaba, binti," Devendra alijibu. Akaweka banzi mezani. "Kosa ni langu. Nililiweka kwenye maji yaliyochemka."

Candida alitabasamu. "Halijaharibika, baba. Limekumbuka."

"Plastiki inakumbuka?"

Candida akawapeleka kwenye printa ya 3D, mashine inayotengeneza vitu badala ya kuchapa karatasi. Uzi mnene wa plastiki uliingia juu, ukayeyuka, ukatoka kwenye mdomo mdogo. Mashine ilichora mstari juu ya mstari, tabaka juu ya tabaka.

"Kama mtu anayemimina jalebi, vile vitamutamu vya mizunguko, kwenye kikaango," Devendra alisema.

"Ndiyo hivyo. Banzi la mama nililitengeneza likiwa bapa. Nikalipasha, likalainika, nikalifunga mkononi mwake nikalishikilia mpaka likapoa. Plastiki hii ina tabia yake. Ukiipasha tena bila kuishikilia, inajaribu kurudi kwenye umbo lake la kwanza."

"Kwa hiyo maji yangu yaliifungua."

"Ndiyo. Lakini tunaweza kulifunga tena, kama halina ufa."

Alilikagua kwenye mwanga. Halikuwa na ufa. Alilizamisha kwenye maji aliyoyapima joto, akalikausha, akalijaribu kwa vidole vyake kwanza. Aliuvika mkono wa Hemlata kitambaa laini, kisha akalilaza banzi juu yake. Devendra alimshika mkewe kiwiko asitikisike.

"Linabana, mama?"

"Hapana. Limekaa vizuri."

Likapoa, likawa gumu. Hemlata alinyanyua chupa ya maji bila kutetemeka. Devendra akashusha pumzi.

"Lioshe kwa maji ya baridi na sabuni," Candida alisema. "Usiliache juani, wala karibu na jiko. Likibadilika umbo, lilete hapa. Usilipashe nyumbani, linaweza kukuunguza. Na vidole vikivimba au vikifa ganzi, livue, uje siku hiyohiyo."

Tangu hapo Devendra aliliosha kila jioni.

"Maji ya baridi hayo?" Hemlata aliuliza.

"Weka kidole."

Hemlata aliweka kidole, ingawa alikuwa amemwona akiyachota bombani.

Alifanya pia mazoezi aliyofundishwa. Mkono ukarudiwa na nguvu kidogo kidogo. Siku ya kuachana na banzi ilipofika, Candida alimwambia, "Mshike baba mkono, mama. Sasa mbane kadiri unavyoweza."

Hemlata alibana. Devendra akakunja uso.

"Unaumia, baba?"

"Kidogo," Devendra alisema, machozi yakimlengalenga.

"Basi umepona, mama. Inatosha, unaweza kumwachia."

"Najua," Hemlata alisema, na hakumwachia.