Boya la Gari la Majanini

Mjomba wangu Wani alikuwa fundi magari pale Awindiri, mjini Arua, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Mwaka 1988 geji ya mafuta ya gari lake kuukuu iliharibika. Ubovu ulikuwa kwenye boya, kile kidude kinachoelea ndani ya tangi na kusogeza mshale wa geji. Spea hazikupatikana. Akaenda kung'oa boya kwenye gari lililoachwa majanini, njia ya Koboko, tangu 1979. Familia moja ilikuwa ikikimbilia Sudan, petroli ikawaishia hapo. Askari waling'oa magurudumu, lakini wenyeji hawakuligusa; walisema wenye gari watalirudia. Mjomba aliwacheka.

Boya lilikaa vizuri. Pitia, dereva wake na ndugu mdogo wa mkewe Santina, akaanza kupeleka mizigo Koboko. Siku ya kwanza gari likazimika njiani, tangi tupu. Siku ya pili vilevile. Mjomba alijaza tangi kwa mkono wake, basi akaamini shemeji yake anauza petroli. Siku ya tatu akapanda naye.

Saa saba mchana mshale ukaanguka ghafla. Gari likazima. Mjomba akatumbukiza kijiti tangini. Kikatoka kikavu. Hatua thelathini kutoka pale, lile gari la majanini lilikuwa juu ya mawe manne, bila gurudumu hata moja. Harufu ya petroli ilitoka huko.

Pitia akanong'ona, "Shemeji, turudishe kitu ya watu. Kila siku iko hapa-hapa."

"Mwizi iko wewe," Mjomba akamjibu. "Bakia hapa, chunga gari."

Akachukua dumu, akaenda Koboko kwa miguu.

Aliporudi saa kumi, gari lake lilikuwepo. Boya lilikuwa limefunguliwa na kuchukuliwa. Pitia hayupo. Kule majanini yalibaki mawe manne. Nyasi zote zilikuwa wima.

Watu walisema Mjomba kamuua shemeji yake. Hata mimi nilimshuku, sifichi. Lakini gari lake liliegeshwa nyuma ya nyumba, halina betri, halina boya, na kila saa saba mchana mshale ulipanda mpaka juu, kisha ukashuka polepole. Niliuona siku moja, nikatoka mbio, viatu nikaviacha. Santina hakukimbia. Kwa miaka saba aliweka kiti chake dirishani pa dereva, akautazama mpaka ufike chini.

Mwaka 1995, mchana mmoja, mshale haukupanda. Milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Juu ya kiti cha dereva kulikuwa na boya, limelowa petroli mbichi.

Santina alilishika kwa mikono miwili, akamgeukia Mjomba.

"Kidude imerudi," akasema. "Mutu yangu iko wapi?"