Ngoma Ndani ya Korola

Kaseti ilitoka kwenye redio ya gari ikiwa na mate. Si maji, si mafuta; mate mazito, ya moto, yanayovutika. Dastani aliyapangusa kwenye suruali huku amekunja uso.

"Joto hili," alimwambia mkewe Zulfa. "Plastiki inayeyuka."

Plastiki gani inanuka mayai viza? Lakini ndivyo alivyo Dastani, karani aliyehamishiwa Nachingwea, mjuaji wa kila kitu. Korola yake ilikuwa kuukuu, redio inameza kaseti tu. Mwaka huo, 2008, alinunua kaseti ya waya: unaisukuma kwenye redio, ncha ya waya unaichomeka kwenye simu, basi nyimbo za simu zinatoka kwenye spika za gari. Hapo akajiona kamaliza!

Mchana huo walikuwa wanatoka Matambarale kwa wakwe zake. Zulfa alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kwanza ziliharibika kwa sababu ya jini lililodai kwamba ndilo mume wake wa haki. Mimba hii ilipoingia tu, Bibi Mwamina, fundi wa majini wa hapo Matambarale, aliliita kwa wimbo wake, akalilisha, akalifukuza. Kisha akaonya kila aliyekuwepo: "Wimbo huu usipigwe tena. Ukipigwa, linakuja."

Dastani alikuwa kaurekodi kwenye simu. Eti ngoma tamu! Na asubuhi hiyo, Zulfa akiwa ndani anaaga, alikuwa ameujaribu kidogo garini.

Sasa akairudisha kaseti na mate yake, akabonyeza simu. Ngoma zikalia.

"Zima," Zulfa alinong'ona. "Dastani, ni ule ule. Zima, nakuomba."

"Acha ushamba. Sauti tu hiyo."

Redio ikaanza kutafuna, chwa, chwa, kama mtu asiye na adabu anayekula karibu na sikio lako. Dastani akachomoa waya, ngoma hazikukoma. Akatoa betri ya simu, hazikukoma. Akaing'oa kaseti, ikaja na utelezi wa njano na mafungu ya nywele zilizogandana kwa damu, akaitupa dirishani huku anatapikia usukani, na bado ngoma zilikuwa zinalia, tena karibu zaidi, mle mle ndani, mpaka alipogeuka akaliona koo la mkewe linavimba na kunywea, linavimba na kunywea, kwa mdundo ule ule, mdomo wazi, na ulimi mweusi unakilamba kioo cha gari taratibu kutoka chini hadi juu. Ptuu! Hata kusimulia kunanitia kichefuchefu.

Akageuza gari, mbio hadi uani kwa Bibi Mwamina, ambaye alikuwa anapeta ufuta. Zulfa akashuka, akamnyakua kuku, akamng'ata shingo na kumnyonya, manyoya yakamganda kidevuni. Mama yake, aliyekuja akikimbia, alijifunika uso kwa kanga.

"Nani kakuita?" Bibi Mwamina aliliuliza jini kwa sauti ya chini.

Jini likacheka kwa kinywa cha Zulfa. "Aseme mwenyewe."

Bibi akamgeukia Dastani. "Sikiliza, mwanangu. Jini lililoitwa humhamia aliyeliita, akikiri. Atakaa nalo siku saba, kisha nitalitoa. Mwanaume hafi kwa hilo. Lakini asipokiri, huyu na mimba yake kesho hawaioni. Nauliza mara tatu. Nani kaita?"

Dastani aliutazama ule ulimi unaochokonoa shingo ya kuku. Akaufikiria ndani ya kinywa chake. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nani kaita?"

Macho ya Zulfa yakarudi kidogo, yana machozi. "Mume wangu," alisema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. "Sema. Mtoto wetu."

Jamani, mwanaume mzima na ndevu zake! Akajikuna shingo. "Labda simu ilijiwasha yenyewe."

"Nani kaita?"

Dastani akaangalia viatu vyake.

Bibi Mwamina alimtazama kwa kinyaa zaidi kuliko alivyolitazama jini, akafunga mkoba wake wa dawa, akaingia ndani. Mama yake Zulfa akaanza kulia. Zulfa akainuka, akajifuta damu kidevuni kwa ncha ya kanga, akamsogelea Dastani na kumpa mkono kwa heshima zote.

"Asante," jini likamwambia, "mume mwenzangu."