Mapipa Yasiyotiwa Taka

Asubuhi katika duka la mikate la Mama Tanuri ilikuwa raha tupu. Mikate inatoka motoni, wateja wanataniana mlangoni, na mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima ulimwita Kicheko, anaimba huku akipakua trei. Kazi inakwenda na ndugu anacheka, mtu atake nini tena?

Ndipo ikaja sheria mpya: kila mahali pa kazi patenge taka zake. Karatasi mbali, chupa mbali, mabaki ya chakula mbali. Bwana afya atapita kukagua, na atakayekaidi atafungiwa biashara. Mama Tanuri hakukaidi, msimsingizie. Alinunua mapipa matatu ya rangi, akayapanga karibu na mlango, na kila siku akayapangusa mpaka yakang'aa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeruhusiwa kutia kitu ndani.

"Dada, chupa ya jamu imevunjika. Niiweke kwenye pipa la chupa?"

"Ulichafue kabla bwana afya hajaliona? Peleka nyuma huko!"

Nyuma kulikuwa na pipa kuukuu la chuma lililomeza kila kitu: maganda ya mayai, mifuko ya unga, vigae vya chupa. Likijaa, Kicheko alipanda juu na kushindilia kwa mguu.

"Dada, iko siku nitakanyaga kitu humu."

"Acha uvivu. Shindilia!"

Sauti hiyo mnaijua, jirani zangu. Hata makwenu imo.

Siku hiyo hiyo kigae cha ile chupa ya jamu kilipenya kandambili ya kushoto kikazama unyayoni mwa Kicheko. Mama Tanuri akamfunga kwa kitambaa kile kile cha kupangusia mapipa.

"Twende hospitali, dada."

"Tutakwenda, mdogo wangu. Bwana afya akishapita tu. Akikuta duka limefungwa, tumekwisha."

Bwana afya hakupita. Mguu ukavimba, ukaanza kunuka, na Kicheko akaacha kuimba. Alipoanza kuweweseka kwa homa, akimwita mama yao aliyekwisha kufa, ndipo dada mtu aliposahau duka na mapipa yake, akambeba mgongoni na kukimbia naye hospitali huku akilia.

Daktari alifungua kitambaa, akaukagua mguu. "Mmechelewa. Tukiuacha mguu huu, utaondoka naye."

"Daktari, kata wangu! Mimi ndiye mwenye kosa!"

Lakini kosa halihamishwi kwa kisu. Wakamkata mdogo wake chini ya goti.

Mama Tanuri aliporudi dukani kuchukua shuka za mgonjwa, alimkuta bwana afya mlangoni, ameinamia mapipa.

"Mama, duka la mikate lenye mapipa safi namna hii, taka zake zinakwenda wapi?"

Akampeleka nyuma, akamwonyesha lile pipa la chuma, damu ya nduguye imegandia ukingoni. Duka likafungwa mpaka atengeneze mambo yake.

Kicheko alirudi kwa magongo, akamkuta dada yake amepiga magoti akichambua taka, kila aina pipa lake. Akaingia ndani, akatoka na kandambili ya mguu wa kushoto.

"Dada, hii nayo inaingia pipa lipi?"

Alijaribu kucheka kama zamani. Mama Tanuri aliipokea, akaikumbatia kifuani, akalia mpaka sauti ikamkauka.

FUNZO

Ndugu zangu wenye maduka, karakana na ofisi, mdharau mwiba mguu huota tende. Sheria ya kutenga taka haikuwekwa ili mkaguzi afurahi. Imewekwa kwa ajili ya mkono unaozoa na mguu unaokanyaga, na mara nyingi mguu huo ni wa mtu wako mwenyewe. Usijiandae kwa ajili ya mgeni wa siku moja ukamsahau unayeshinda naye kila siku. Pipa lichafuke, mtu abaki mzima.