Nilivaa Sare ya Kazi Nisiyokuwa Nayo

Nina umri wa miaka ishirini na saba, sina mume wala mtoto. Shule niliishia kidato cha pili, kwetu Singida. Wasomaji wenzangu, mimi ni mtu wa kucheka. Ukiniona njiani utadhani nimeokota kitu! Lakini haya ninayowaandikia nimechoka kuyabeba peke yangu...

Marekani nilifika kwa bahati nasibu ya viza. Mama Neema, Mtanzania mwenzetu, alinipangisha chumba kwake, mtaa wa Langley Park. Wiki ya pili tu, nikapata kazi ya kufua mashuka hotelini. Loo! Kwenye jumuiya yetu ya sala, Watanzania na Wakenya pamoja, nilisimama nikatoa ushuhuda, wakapiga vigelegele. Kila mgeni aliyefika aliambiwa, "Mwangalie Asteria!" Nikaanza kuota duka langu la keki za harusi. Hata rangi ya mlango nilishaichagua.

Kisha uchumi ukayumba. Wageni wakaadimika hotelini. Ijumaa moja bosi akatuita kumi na wawili, akatushukuru kwa utumishi wetu, akadai vitambulisho. Sare hakuidai.

Laiti angeidai!

Mtaniuliza, kwa nini sikusema nyumbani? Pale jumuiya kulikuwa na baba mmoja aliyepoteza kazi kabla yangu. Tulimpitishia kikapu, tukamwombea, mambo mazuri tu. Lakini tangu siku ile hakuitwa tena kwa jina lake. Aliitwa "yule tuliyemchangia." Mwishowe akaacha kuja. Sasa mimi, Asteria wa ushuhuda, niwe yule tuliyemchangia? Hapana!

Basi kila asubuhi nikavaa sare yangu ya kijivu. Mama Neema, anayetunza wazee kwenye makao yao kule mji wa Columbia, alikuwa akifunga viatu huku akiniambia, "Kazi njema, mwanangu." Nami najibu, "Na wewe, mama." Halafu napanda basi hadi maktaba, nakaa humo mpaka muda wa watu kutoka kazini.

Huku ukiachishwa kazi, serikali inakupa posho kwa muda, ilimradi utafute kazi nyingine. Kila Jumapili nilipiga simu yao, mashine ikaniuliza: wiki hii uliweza kufanya kazi? Ulitafuta? Ulifanya kazi popote? Unabonyeza namba. Nilikuwa nikipigia bafuni, nimefungulia maji. Mashine ile ndiyo pekee niliyoiambia ukweli.

Siku moja ikaja barua ya kuniita darasani kwenye ofisi ya ajira, sisi wa posho tufundishwe namna ya kurudi kazini. Naingia... nani amekaa nyuma? Wanjiru! Mkenya wa jumuiya yetu, mcheshi kunishinda, mtoto wake analelewa na bibi yake huko Nyeri. Naye amevaa sare ya kazi iliyomwacha! Tukatazamana, tukajifanya hatujuani. Saa nzima!

Wakati wa mapumziko akanifuata kwenye mashine ya soda.

"Aki Asteria, usinichome kwa jumuiya."

"Na wewe usinitaje."

Tukaapa. Halafu tukacheka mpaka machozi yakatoka, wajinga wawili ndani ya sare!

Mwalimu wetu alikuwa mama mtu mzima wa Kimarekani, Miss Loretta. Aligawa karatasi yenye mistari kumi. Alisema kazi nyingi hazifiki gazetini, zinapita midomoni mwa watu. Andikeni, akatuambia, watu kumi mnaowajua, mkawaambie kwamba mnatafuta kazi. Mimi nikamwandika nyanya yangu, mwalimu wangu wa darasa la nne, fundi cherehani wa Singida... Wanjiru akachungulia. "Sasa huyo fundi atakupea kazi gani, ya kumshikia uzi kwa simu?"

Miss Loretta aliitazama karatasi yangu kwa muda. Akaniuliza kwa upole kama hakuna mtu anayeniona kila siku. Nikasema hakuna.

Wiki chache baadaye jumuiya ilikutana mji wa Laurel. Baada ya sala, sahani za pilau zikiwa mapajani, Mama Neema akasimama.

"Jamani, kazini kwetu wanatafuta watu wawili, waanze Jumatatu. Mafunzo watayapata palepale. Nani anamjua mtu aliyekaa bure?"

Wawili! Nikamtazama Wanjiru. Wanjiru akanitazama. Mdomo umejaa pilau, haimezeki...

"Asteria, wewe una chako, shukuru Mungu," Mama Neema akasema. "Na wewe Wanjiru?"

"Mimi niko sawa kabisa, mama," Wanjiru akajibu, na akacheka.

Jioni akanipigia simu. "Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe! Ungesema, ningesema."

Wasomaji wangu, hapa ndipo penye dhambi yangu. Mama Neema alikuwa jikoni, hatua tano kutoka kwangu, akipiga pasi. Ningeweza kumtajia jina la Wanjiru peke yake. Posho ya Wanjiru ilikuwa inakaribia kukoma, nami nilijua! Lakini angeniuliza, umejuaje? Mlionana wapi? Wewe ulikuwa unafanya nini huko? Nikaenda jikoni. Nikamsaidia kukunja nguo.

Nafasi zile mbili zikaenda kwa watu wa mbali ambao hata hatuwajui.

Baada ya miezi miwili Wanjiru alishindwa kulipa pango. Aliondoka na begi moja, akaelekea jimbo la mbali kwa mtu aliyemjua kidogo tu. Hakuniaga. Habari zilipofika nyumbani, Mama Neema alikaa chini akalia. "Mtoto wa watu hana kazi, na mimi nazunguka natafuta watu! Hakuna aliyejua?"

"Nilijua," nikasema. Nikamweleza yote, sare bado mwilini.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Alisema tu, "Kila asubuhi nilikuombea kazi njema. Nilikuwa naombea nini, Asteria?"

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akaniomba ile karatasi ya watu kumi. Akamfuta fundi cherehani, akaandika jina lake mwenyewe juu kabisa. "Haya, niambie."

Alikwishajua yote, lakini alitaka niseme mwenyewe. "Mama, sina kazi. Naomba unisaidie kutafuta."

Kazi ikapatikana, ya kufua nguo za hospitali. Mama Neema aliulizia huku na huku, na aliyeniitia kazi hiyo ni "yule tuliyemchangia," ambaye kumbe alikuwa ameajiriwa hapo siku nyingi. Jina lake ni Joachim. Ilinibidi nimuulize, nikaona haya.

Nacheka tena siku hizi, ingawa si kama zamani. Namba ya Wanjiru bado naipiga. Sauti inaniambia haitumiki...

Ndugu zangu mlio ugenini, nawasihi, kama kazi imekwisha, semeni! Mwambieni hata mtu mmoja, yule anayewaona kila asubuhi. Na mtu akiwaambia amekosa kazi, mchangieni, lakini mwiteni kwa jina lake. Mimi nilificha aibu yangu vizuri sana, hata kazi iliponitafuta ndani ya nyumba yangu, haikuniona.