Tairi Alilopima Felisita

Kila siku ya soko, Felisita wa kijiji cha Mbuba alisukuma toroli lake hadi soko la Benaco. Alipakia mikungu minne ya ndizi. Kila mara mwiba ulitoboa tairi njiani. Alipomaliza kuziba pancha, lori la wanunuzi lilikuwa limejaa. Ndizi zilirudi nyumbani, zikaiva, zikaoza.

Jirani yake, Eustakia, aliwahi siku zote. Toroli lake lilikuwa na tairi jipya lisilojazwa upepo, lenye matundu ubavuni.

"Hilo ni tairi au chujio?" Felisita alimkejeli.

"Chujio linafika, jirani. Pampu yako haijambo?"

Wivu ulimchoma Felisita. Eustakia alibeba mikungu miwili tu, na soko zima lilimsifu!

Eustakia alipokwenda kuteka maji, Felisita alinyata hadi uani kwake. Akalipima lile tairi kwa kamba ya mgomba. Kesho yake akaenda karakana moja mjini Ngara.

"Shikamoo, fundi Ndizeye. Nitengenezee tairi kama la Eustakia. Kipimo hiki hapa."

"Marahaba." Fundi alicheka. "Mama, umepima mguu wa jirani upate kiatu chako? Wewe unabeba mikungu mingapi?"

"Minne."

"Basi tairi kama lake lingebonyea siku ya kwanza. Tazama."

Mezani, mashine ya kuchapa vitu ilikuwa ikiunda tairi kwa kuyeyusha uzi wa plastiki laini. Iliupanga duara juu ya duara, kama mfinyanzi anavyopandisha chungu.

"Kuta hizi kati ya matundu ndizo zinazobeba mzigo badala ya upepo," fundi alieleza. "Mzigo mzito unataka kuta nene. Niletee gurudumu lako mwenyewe. Nikikutengenezea, toa tope kwenye matundu, na usiliweke tairi karibu na moto."

Felisita aliona aibu. Akaenda kuleta gurudumu lake.

Siku ya soko, kwa tairi lake jipya, alipita juu ya miiba bila kusimama. Mikungu yote minne ilipanda lori. Eustakia alirudi nyumbani akilitupia jicho tairi la Felisita.

Asubuhi iliyofuata, Felisita alisikia kitu uani. Eustakia alikuwa amechuchumaa kando ya toroli, kamba ya mgomba mkononi.

"Napita tu, jirani," alisema haraka.

"Hata mimi nilipita kwako hivyohivyo, fundi akanicheka. Acha kamba. Chukua gurudumu lako, nikupeleke."